Matangazo ya Ndoa ya Samweli na Eliza

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimebeba magunia Kilindini nikiwa sina viatu, na leo nina malori mawili yanayochukua mawe Mwakirunge, nina nyumba ya mawe hapa Magongo yenye baraza pande mbili, na vitabu vyangu vya hadithi za mapenzi vinasomwa kutoka Likoni hadi Kaloleni na watu walionipita shule kwa miaka mingi. Mimi nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Kwa hiyo unaponijia barazani na kuniuliza, "Mzee Nehemia, mtu aandike vipi habari za mapenzi na bado awe Mkristo, na watoto wake wapate kula?" mimi sishangai. Nakujibu. Lakini kaa vizuri, maana jibu langu linatoka mbali, na halianzi na kalamu.

Naikumbuka Jumapili moja ya miaka ya arubaini, wakati wa vita vikuu vya pili, askari wamejaa Port Reitz na nguo dukani hazipatikani. Mwaka wenyewe sitautaja. Mke wangu hapendi umri wake uhesabiwe barazani.

Siku hizo nilikuwa na kazi tatu, na katika zote nilijiona bingwa. Siku za wiki nilikuwa kuli bandarini. Tulitoka Changamwe kabla ya jua, tukavuka Makupa kwa miguu, tukapakua simiti mpaka nyusi zikawa nyeupe kama za wazee. Jumapili nilikuwa msomaji wa kanisa letu dogo la makuti. Mchungaji alikuwa na makanisa mengi, kwetu alifika mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Jumapili nyingine zote nilisimama mimi: kuongoza sala, kutangaza kila ndoa Jumapili tatu kabla ya harusi, kufunga ibada. Na saa zilizobaki katikati, zote, nilikuwa naandika.

Niliandika juu ya karatasi za mifuko ya simiti. Usicheke. Unaukung'uta mfuko, unaukata kwa kisu, unaunyoosha kwa chupa yenye maji ya moto, na penseli inateleza juu yake vizuri sana. Hadithi yangu ilikuwa ya Samweli wa Mwakirunge na Eliza wa Port Reitz, vijana wawili wanaopendana na kumcha Mungu, na tajiri mmoja, Gideoni, aliyewawekea miiba njiani. Kila Jumamosi alasiri niliisoma uani kwa Zakaria, mwendesha winchi wa bandarini, mtu mwenye kifua kama mlango wa godauni na machozi ya karibu. Watu walijaa. Wengine walikaa juu ya vinu, wengine walining'inia ukutani. Mmoja atatoa yai, mwingine muhogo, asiye na kitu atatoa sikio lake, na mimi nilipokea vyote kama sultani.

Wazee wengine walinung'unika kwamba si sawa msomaji wa kanisa kuhadithia mapenzi. Niliwaambia kwamba Mungu mwenyewe alitangulia kuwaoza watu wawili bustanini kabla hajamtuma nabii hata mmoja. Walinyamaza. Sijui kama walikubali, lakini walinyamaza.

Sasa sikiliza jambo ambalo katika ushujaa wangu wote nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa na mchumba.

Aliitwa Dama, mtu wa Rabai, akikaa Changamwe kwa shangazi yake, Mama Rahabu. Huyu Mama Rahabu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa kanisa letu. Ndoa ikitangazwa, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya mchele, nazi na kuku wa harusi, na ni yeye aliyemkalisha bibi harusi chini, akamfunda, akampa doti ya kanga. Posa yangu kwa Dama ilikuwa imekubaliwa, mahari nimetoa nusu. Nusu ya pili ilikuwa inangoja. Ilikuwa imengoja mvua za masika mbili. Si kwamba sikumpenda. Nilimpenda sana, lakini sikuwa na nafasi.

Nakumbuka nilipita kwao baada ya ibada, Dama yuko uani anapepeta mchele.

"Wiki hii pia huji?" akaniuliza.

"Wiki hii siwezi, Dama. Eliza yuko mashakani. Gideoni amemfungia njia."

Akaurusha ungo mara moja, makapi yote yakanijia mimi usoni.

"Basi mpe pole," akasema.

Nikajipangusa nikaenda zangu, na njiani nikawaza kwamba jibu lile ni zuri, nitampa Eliza alitamke.

Wiki ile ile hadithi ikafika pazuri kuliko pote. Gideoni ameshindwa, baba yake Eliza amelegea, na ndoa inatangazwa kanisani. Niliandika tangazo kwa maneno yale yale ya kanisa letu, Jumamosi nikalisoma kwa Zakaria, na uani pale hapakubaki jicho kavu. Kesho yake nikasimama mbele ya kanisa. Lilikuwepo tangazo moja la kweli, la seremala mmoja na binti wa Jibana. Sikushika karatasi. Mimi sikuwahi kushika karatasi kanisani. Wengine walisoma, mimi nilijua. Nikalitangaza la seremala, na ulimi wangu, mwanangu, ukaendelea wenyewe kama troli iliyoachiwa mteremkoni:

"Tena natangaza ndoa ya Samweli mwana wa Yeremia, wa Mwakirunge, na Eliza binti Danieli, wa Port Reitz. Hii ni mara ya kwanza. Ajuaye sababu ya kuwazuia wawili hawa kuoana, na aseme."

Kule nyuma, walikokaa watu wa Jumamosi, kikapigwa kigelegele mpaka makuti yakatoa vumbi. Zakaria alisimama, mikono juu, machozi yanamtiririka, akasema, "Hatimaye." Na akina mama wa mbele wakageuka, wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa furaha, kama watu waliosikia habari njema ya jirani.

Hapo ndipo ningepaswa kusema samahani. Neno moja tu, samahani, nimekosea. Lakini mtu asiyekosea hulipata wapi neno hilo kwa haraka? Nikasema, "Tuimbe."

Nje, Mama Rahabu akanisimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hao vijana, Nehemia, mbona siwajui? Ni wageni?"

"Ni wa mbali kidogo, mama."

"Wana watu wa kuwasimamia?"

"Mimi ndiye mtu wao."

Na hapo, haki ya Mungu, sikusema uongo.

Kabla wiki haijafika katikati, chumba cha nyuma cha kanisa kilikuwa na pishi za mchele zimepangwa, na nazi, na kuku wamefungwa miguu. Wakati ule wa vita mchele ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi, na watu walikuwa wameutoa kwa ajili ya mtu niliyemzaa mimi kwa penseli. Nilitoka kazini nikachungulia dirishani, jogoo mmoja akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka.

Jumapili ya pili niliazimia kunyamaza. Nikatangaza la seremala, nikafunga mdomo. Mama Rahabu akakohoa.

"Msomaji, umeruka."

Basi nikatangaza tena, Samweli na Eliza, mara ya pili, ajuaye sababu na aseme. Na Zakaria akasimama.

"Nina neno," akasema. "Mimi Samweli nampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Lakini jana tulipomwacha alikuwa amebakiza mbuzi wawili wa mahari. Desturi ni desturi. Huyu msichana ana wazazi."

Ungemuuliza Zakaria kama Samweli ni mtu wa nyama na damu angekuambia hapana. Lakini hakuna aliyemuuliza.

Mama Rahabu akageuka kitini. "Zakaria, kaa. Wewe ulioa kwa mbuzi mmoja na ahadi, na ahadi yenyewe wakwe zako wanaiulizia mpaka leo."

Kanisa likacheka, Zakaria akakaa, nami nikadhani limeisha. Jumatatu jioni nikakuta mbuzi wawili wamefungwa nyuma ya kanisa. Akina mama walikuwa wamewachangia, ili Samweli asiaibike.

Dama muda wote huo alikaa mahali pake kanisani, uso umenyooka. Huo uso ndio ulioninyima usingizi, si mbuzi. Mbuzi ningewarudisha. Nilianza kuona kwamba nikifichuka, mtu wa kwanza kuondoka atakuwa yeye, na atakuwa na haki, na mimi nitabaki na Eliza, ambaye hata maji ya kunywa hawezi kuniletea.

Ijumaa Mama Rahabu akaniita kwake. Nilimkuta amekaa mkekani, mapajani ameweka doti ya kanga mpya, nyekundu na nyeusi, bado ina gundi ya dukani. Alikuwa ameificha sandukuni tangu kabla ya vita.

"Kesho niletee huyo Eliza nimfunde," akasema. "Na kanga zake hizi."

Mwanangu, mchele niliuvumilia. Mbuzi nilivumilia. Lakini kuiona kanga ile, katika mwaka ambao wanawake walishona viraka juu ya viraka, mikono yangu ilikataa kuipokea. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: hakuna Eliza, hakuna Samweli, ni maneno yangu ya kwenye mifuko ya simiti, ulimi uliteleza na kiburi kikaukalia juu.

Mama Rahabu akageukia mlango. Akaita, "Dama."

"Abee, shangazi."

"Njoo. Amesema."

Dama akatoka ndani, akaegemea mwimo wa mlango. Walitazamana wale wawili, na hapo nikaona midomo ya Mama Rahabu inatetemeka. Nilidhani ni hasira. Kumbe anazuia kicheko.

"Nehemia," akasema, "sauti yako kwa Zakaria inavuka nyua tatu. Mimi kila Jumamosi nakaa hapa na mchicha wangu nakusikiliza. Eliza alipofungiwa njia niliunguza wali. Ulidhani ni nani kanisani asiyejua Samweli ni nani?"

"Akina mama wa mbele," nikasema.

"Akina mama wa mbele ndio walioleta mbuzi. Kanisa zima linajua, tangu siku ya kwanza. Tulikupa Jumapili mbili useme mwenyewe."

Nilikuambia sishangazwi na kitu. Toa siku hiyo.

"Na mchele?" nikauliza. "Na mbuzi?"

"Mchele ni wa harusi," akasema. "Harusi ya nani, hilo ni lako na huyu aliyesimama mlangoni. Mimi hadithi zako sizichukii. Umemtafutia mtu wa karatasi kanisa, mahari na kigelegele, na umefanya vizuri, hata mimi nilifurahi. Sasa niambie. Eliza anapenda kula nini?"

Jibu nilikuwa nalo. "Ndizi mbivu, zilizopikwa kwa nazi na iliki."

"Na Dama?"

Nikafungua mdomo. Mwanangu, nilimjua Eliza akiwa na homa, akiwa na hasira, nilijua upande anaolalia. Nikamtazama Dama pale mlangoni, nikatafuta, nikatafuta, nikakuta ungo tu na makapi. Nikamgeukia shangazi yake anisaidie.

"Usinitazame mimi," akasema. "Muulize mwenyewe." Akachukua kanga zake akaingia ndani.

Nikamuuliza.

"Maneno yote matamu umempa mwenzangu," akasema. "Nilikuwa nikisikia kicheko changu anacheka yeye, mwendo wangu anatembea yeye. Siku ile nilipokuambia umpe pole, Jumamosi nikasikia neno hilo amelisema yeye. Nikawaza, huyu mwanamume ananiona, mbona haji? Haya. Lile neno Samweli alilomwambia Eliza kisimani, niambie mimi. Hapa. Bila kusoma."

Neno lile nilikuwa nalijua kama sala ya Bwana. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani kama Samweli. Hakikutoka kitu. Nikakohoa. Nikasema, "Dama, mimi... simiti inanitoka mwilini taratibu, lakini... chumba changu kinavuja upande mmoja, nitakihamisha kitanda."

Alicheka mpaka akateleza na mlango akakaa chini. Akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Hayo ndiyo yako," akasema. "Mabovu, lakini yako. Kashata. Napenda kashata. Ya nazi, si ya njugu."

Jumapili ya tatu nilisimama mbele ya kanisa na nikasema samahani, kwa Mungu na kwa kanisa, na nilipolitamka nikaona halikuwa zito kama nilivyodhani. Kisha nikatangaza: Nehemia na Dama, mara ya kwanza. Kigelegele kilichopigwa kilikishinda kile cha Samweli, nami nilikuwepo katika vyote viwili, naweza kulinganisha. Nilipouliza kama yupo mwenye sababu ya kuzuia, Zakaria akasimama tena.

"Na Samweli?" akauliza.

"Samweli atangoja, Zakaria."

Akafikiri. "Basi na mimi nitangoja," akasema, akakaa.

Wazee walinitoza faini kwa kufanya mzaha madhabahuni, nami nikailipa bila neno. Mchungaji alipokuja kutuoza na kusimuliwa, alilazimika kutoka nje kidogo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Mbuzi waliliwa. Yule jogoo nilimla mwenyewe.

Sasa nasaha yenyewe, maana hukuja mpaka Magongo kusikia habari za mbuzi.

Watu watakuambia hadithi za mapenzi zitakuibia imani. Mimi hazikuniibia imani hata siku moja. Ziliniibia alasiri za Dama, na mlango niliziachia wazi mwenyewe, halafu nikajificha nyuma ya kanisa nikasema nina kazi ya Bwana. Uangalie mchezo huo. Ukisikia unamwambia mtu wa nyumbani kwamba Mungu na kalamu vimekujaza hata huna nafasi yake, jua mmoja wa hao wawili umemsingizia. Mungu hakuwahi kuniambia nisiende kwao Dama.

Neno tamu likikujia, lipeleke kwanza nyumbani. Likichekwa huko, limepona. Mpe Samweli wako. Mimi mpaka leo kila sura namsomea Dama kabla haijavuka kwenda kwa mchapaji mjini, naye anakata bila huruma. Watu wananisifu kwa vitabu vyangu, na wana haki, ni vizuri. Lakini bila Dama vingekuwa virefu zaidi na vibaya zaidi.

Kazi ya mikono usiikimbilie kuiacha. Ulidhani nilijuaje Samweli anavyojisikia anaporudi jioni akaona taa mlangoni? Nilirudi mwenyewe, mgongo unawaka. Na kusali, sali kabla hujaandika, lakini usiombee kitabu peke yake. Mwombee na aliyekaa akikungoja, kisha uinuke uende kwake, maana sala hiyo mara nyingi Mungu huijibu kwa kukutuma wewe. Jumapili mimi siandiki. Kalamu iko juu ya kabati, na Dama anajua iko wapi.

Na kama unajiuliza, Samweli na Eliza walioana Jumamosi ya kwanza baada ya sisi. Sura ile ndiyo bora kuliko zote nilizoandika. Mwanzo nilikuwa nimepanga Samweli aseme maneno makubwa. Nikayafuta, nikamwacha aseme kuhusu paa linalovuja. Zakaria alilia mpaka tukampa maji.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kalamu yako na sufuria yako pamoja, akupe mtu atakayekucheka kwa upendo, na akupe masikio ya kumsikia. Watoto wako wapate kula na kushiba, na watakaokusoma watoke wakiwa na hamu ya kurudi nyumbani kwao.

Mimi kujifunza haya kulinigharimu: ukijumlisha mahari iliyobaki, faini ya wazee, mahindi ya kuku na mbuzi waliokuwa wakimngoja bwana harusi, na kashata moja ya nazi niliyomnunulia Dama jioni ile ile, ni shilingi mia mbili arubaini na moja na senti kumi, na hizo senti kumi ndizo za kashata.